Mifuko Saba ya Fundi Simu

Suruali ya kazi ya mume wangu ilikuwa na mifuko saba, na yote niliishona mimi. Miwili mbele, miwili nyuma, miwili mapajani yenye vifuniko, na mmoja mdogo ndani ya kiuno, wa kuwekea laini za watu zisije zikapotea. Mimi ni fundi cherehani, yeye ni fundi simu, na majirani hupenda kututania kwamba nyumba yetu haikosi sindano wala waya, inakosa mtu mmoja tu. Wanasema huku wanacheka. Miaka ya mwanzo na mimi nilikuwa nacheka nao.

Mifuko hiyo ilikuwa na sababu yake. Mume wangu akishatengeneza simu, hampi mwenyewe siku hiyo. Anaiwasha, anaitia laini, anaitumbukiza mfukoni, kisha anashinda nayo kutwa nzima. Anataka kujua kama betri inapata moto, kama mtandao unakatika akiinama, kama inajizima ikibanwa. "Mezani kila simu ni nzima," husema. "Ugonjwa wa simu unauona ikivaliwa." Basi siku ya kawaida anatembea na simu nne, tano, hii inalia, ile inatetemeka, na yeye wala hashtuki. Wateja walimpendea hilo, maana simu iliyotoka mikononi mwake ilikuwa hairudi. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja, na minane kati ya hiyo tukiwa mke na mume.

Miaka minane bila mtoto. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, sina tena nguvu ya kupindapinda maneno. Nimetolewa damu, nimepigwa picha ya tumbo, nimelazwa kwenye kitanda cha chuma wakanisukumia dawa kwenye mirija mpaka nikang'ata kona ya shuka. Nimekunywa mizizi iliyochemshwa na mama mkwe, michungu, kikombe asubuhi na kikombe jioni, miezi mitano mfululizo. Kila nilipopimwa, majibu yalikuwa yale yale: mzima. Na kila nilipoleta huo uzima wangu nyumbani, haukupata wa kuupokea. "Karatasi nazo hazijui kila kitu," mama mkwe alikuwa anasema, halafu ananiongezea kikombe.

Si mwanamke mbaya, mama mkwe. Ningefurahi angekuwa mbaya, ningejua pa kumshika. Tatizo lake ni huruma yenye sauti kubwa. Akiwa kwenye foleni ya dawa, akiwa saluni, akichagua nyanya gengeni, atasema: "Jamani, muombeeni mkamwana wangu, tumbo lake limefunga." Watu wananiombea kweli. Wapo walioleta nguo nishone, wakaniangalia tumboni kwanza kabla hawajanionyesha kitambaa. Tumbo langu lilikuwa maarufu kuliko cherehani yangu.

Mume wangu hakuwahi kupimwa. Nikimwambia twende wote, kazi imebana. Nikimwambia tena, ana simu ya mtu wa mbali, lazima aimalize leo. Alikuwa ananipa pole, hilo sitamnyima. Ananishika bega, ananipa pole, anarudi kazini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aliyeanza kuchoka ni daktari. Mama mmoja wa makamo, mwenye ndala za mpira na miwani iliyofungwa uzi. Alilifunga faili langu akalisukuma upande wangu wa meza.

"Sikupimi tena," akasema. "Nimekupima mara nne. Sasa niletee mwenzio."

"Ana kazi nyingi, daktari."

"Mwambie na mimi nina kazi nyingi."

Ilichukua wiki tatu, na siku mbili za mimi kutompikia, ndipo akaenda. Akapewa kikopo kidogo na chumba chenye komeo, akatoka anaangalia sakafu. Siku ya majibu tulikaa wote wawili mbele ya daktari, yeye na suruali yake ya kazi, maana alikuwa ametoroka mara moja tu kibandani kwake kwa kazi. Daktari akasoma karatasi hadi mwisho, akairudia juu, kisha akatuambia bila kupamba. Mbegu ni chache. Na hizo zilizopo, nyingi zinajikokota tu, hazifiki.

Hapo hapo simu ikalia kwenye paja lake la kulia. Kabla hajaizima, nyingine ikaanza kutetemeka upande wa kushoto. Daktari akaivua miwani akaiangalia ile suruali.

"Una simu ngapi hapo?"

"Leo tano."

"Na kila siku unazibeba hapo?"

"Ndiyo kazi yenyewe, daktari."

Alichosema baada ya hapo nataka nikieleze kama kilivyokuwa, kwa sababu baadaye kilibadilishwa sana. Alisema wapo watafiti waliokuta kwamba wanaume wanaoweka simu mfukoni, karibu na maeneo yale, mbegu zao ni dhaifu kidogo. Akasema wapo wengine waliochunguza jambo hilo hilo wasione kitu. Hakuna aliyethibitisha. "Inaweza kuwa ni simu," akasema, "inaweza kuwa ni joto, ni kukaa kitini kutwa, ni kitu ulichozaliwa nacho. Mara nyingi hatujui, na sitakudanganya kwamba najua. Lakini kuzitoa hapo hakukupotezei kitu. Zitoe. Tembea, punguza hilo tumbo, urudi baada ya miezi mitatu, maana mbegu mpya zinahitaji karibu muda huo kukomaa."

Katika maneno yote hayo, mume wangu alisikia neno moja: simu.

Siku ya tatu aliamka na mahubiri. Mionzi! Kila mteja aliyekaa kwenye benchi lake alihubiriwa. Simu usilale nayo, simu usiiweke mfukoni, kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu, wazee hawakukosea. Watu walitoka pale simu zao wameshika mkononi kama wanaenda kuzitupa. Hakumwambia mtu kwa nini ameanza kuhubiri. Niliona tu kwamba amepata kitu cha kujificha nyuma yake, na nikamwacha ajifiche. Moyoni lakini nilimwonea wivu. Mimi miaka minane sikupata hata fito ya kujificha nyuma yake.

Na pamoja na mahubiri yote, kuziacha simu mezani akashindwa. Alisema simu isiyovaliwa ni simu ya kubahatisha, na yeye habahatishi. Akaniletea bunda la ile karatasi ya bati ya jikoni, ile inayong'aa.

"Nishonee bitana ya hii," akasema. "Mifuko yote. Mionzi isipenye."

Nikashona. Nilikunja karatasi mara mbili, nikaiweka katikati ya vitambaa viwili, nikavunja sindano mbili, na sikuuliza swali. Mimi najua kitambaa, yeye anajua mtandao. Jumatatu akaivaa ile suruali, akawa anachakarika kila akipiga hatua.

Saa tisa mchana nilimwona anarudi kabla ya wakati, miguu ameitanua, simu zote kazikumbatia mikononi anazirusharusha kama viazi vilivyotoka motoni. Tano zote za moto. Tatu zimeshazima. Wateja walikuwa wamezipigia simu zao tangu asubuhi, hazipatikani. Akazibwaga juu ya meza yangu ya kukatia, akakaa kwenye stuli, akaiangalia suruali aliyoivaa kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nimezifungia," akasema. "Simu ukiifungia hivi inautafuta mtandao kwa nguvu zake zote. Inapayuka zaidi. Mke wangu, hili mimi ndiye ninayewafundisha watu. Nawaambia, usiweke simu kwenye sanduku la bati, utaua betri. Mimi!"

Nilicheka mpaka nikaishikilia cherehani. Na yeye akacheka. Fundi wa miaka kumi na mmoja, na mkewe fundi, wameshirikiana kutengeneza jiko la mapajani. Tulicheka vizuri, tulikuwa hatujacheka hivyo siku nyingi. Kisha kicheko chake kikakatika katikati, na nikaona machozi yanamdondoka kwenye zile simu.

"Hata kazi yangu nimeisahau," akasema. "Naogopa."

"Unaogopa nini? Mionzi?"

"Naogopa kwamba si simu."

Sikuelewa mara moja. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kama ni simu, nitazitoa, yataisha. Kama si simu, basi ni mimi tu."

Nilimwonea huruma siku ile, huruma ya kweli, mpaka nikasahau yangu. Nikaifumua ile bitana yote, nikamshonea mkoba wa begani wenye vyumba sita, simu za watu zikahamia humo. Aliuvaa bila kubisha.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akatuma ujumbe. Atakuja Jumapili saa kumi, pamoja na baba mkubwa. Sikuhitaji kufafanuliwa. Baba mkubwa ni kaka yake marehemu baba mkwe, na katika ukoo wetu hafungi safari ili anywe chai. Akija na mama mkwe, kuna jambo limeshaamuliwa huko, wanakuja kukupa habari. Na nilishadokezwa: kuna binti ameonekana, mtoto wa jirani yake baba mkubwa, mwenye afya, mwenye nyonga.

Nikamkalisha mume wangu chini.

"Utasema?"

"Nitasema."

"Utawaambia kwamba ni wewe, si mimi?"

"Nitawaambia, mke wangu. Niamini."

Sikutaka makubwa Jumapili ile. Mtoto sikumdai, mtoto ni wa Mungu, na wa hiyo miezi mitatu ya daktari. Nilitaka jina lile la tasa litoke kwangu, liondolewe na mtu wao wenyewe, mbele yao wenyewe. Asiposema, nilikuwa nimeshakata shauri. Dada yangu ana chumba kitupu, na mwenye kazi ya mikono hafi njaa.

Jumapili wakaja. Nikatandika kitambaa kipya mezani, nikawamiminia chai. Baba mkubwa akakaa kwenye kiti kikubwa, fimbo katikati ya magoti. Mama mkwe akakaa karibu na mwanawe, akamshika mkono kama mtu aliyefika kuhani msiba.

"Mwanangu," akaanza, "miaka minane. Mimi si mtu wa kufukuza mke wa mtu, Mungu ni shahidi. Mkwe wangu nampenda. Lakini nyumba haijengwi na watu wawili tu."

Mume wangu akakohoa. "Mama, tumekwenda kwa daktari."

"Akasemaje?"

"Ni simu."

Akaeleza. Na alieleza vizuri, nakiri, kama anavyomweleza mteja kwa nini kioo chake hakibadilishiki. Alieleza simu inavyotuma mawimbi, inavyopata joto, watafiti walivyochunguza mbegu. Wale waliochunguza wasione kitu hakuwataja. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza na birika mkononi, nasubiri neno moja tu. Likakaribia. Akasema, "Kwa hiyo, mama, simu zinaharibu uzazi. Daktari mwenyewe ndiye aliyesema." Halafu akachukua kikombe akanywa chai.

Mama mkwe akanigeukia. Aligeuka kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonikata.

"Si ndiyo maana! Kila nikija hapa, simu iko mapajani, anashona huku anaongea na wateja. Mapajani kabisa! Mkwe, mbona hukuniambia kama unajiunguza tumbo? Na mimi nahangaika na mizizi!"

Nikamtazama mume wangu. Yeye akatazama ndani ya kikombe.

Nilitamani hasira inijie, haikuja. Uliokuja ni uchovu, ule wa kwenye mifupa, wa mtu aliyebeba ndoo ya mwenzake mpaka kwa mwenzake na bado anaambiwa aiingize ndani. Nikaanza kupanga kichwani vitu vya kubeba. Cherehani kwanza. Ni nzito, nitahitaji mtu wa kunishikia upande wa pili.

Ndipo baba mkubwa alipocheka.

"Simu?" akasema. "Mimi nimelinda mnara wa simu miaka kumi na miwili. Mnara wenyewe, si kijisimu. Nilikuwa nalala chini yake. Nina watoto tisa! Na wa mwisho nimempata nikiwa na mvi." Akagonga fimbo sakafuni. "Shemeji, kama ingekuwa ni simu, dunia nzima leo ingekuwa wazee watupu."

Mama mkwe naye akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikamwona mume wangu anavyonywea. Alijificha nyuma ya kitu kimoja, na mzee amekiangusha kwa kicheko.

"Basi si simu," mama mkwe akasema, kicheko kimeshaisha. "Kama si simu, tunarudi pale pale." Akaniangalia, akaangalia pembeni. "Mwanangu, baba yako mkubwa ana jirani yake..."

"Mama, ni mimi."

Alikiweka kikombe chini vibaya, chai ikamwagika kwenye kitambaa changu kipya.

"Wewe nini?"

"Na mimi nimepimwa. Mbegu zangu ni chache, na ni dhaifu. Yeye ni mzima. Ni mzima tangu mwaka wa kwanza, ana karatasi nne, mimi ndiye niliyekataa kwenda. Iwe ni simu, isiwe simu, tatizo liko kwangu."

Hakusema kwa sauti ya chini. Nyuma ya ukuta jirani alikuwa anafua, na sauti ya kufua ikasimama.

Nikaweka birika mezani. Baba mkubwa aliinamisha kichwa, akawa anaipapasa fimbo yake. Mimi nikamsubiri mama mkwe. Nilikuwa tayari kupokea chochote: pole, nisamehe, hata uongo, hata angesema alikuwa anajua. Miaka minane nilikuwa nimemlimbikizia nafasi ya neno moja.

Alinyanyuka. Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo alinyanyuka polepole, akishika meza. Nikadhani anakuja kwangu. Akanipita. Akaenda mlangoni akaufunga, kisha akafunga dirisha, akarudi kumwinamia mwanawe, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yangu nikasikia kwamba mama mkwe anajua kunong'ona.

"Polepole, baba. Mambo kama haya hayasemwi hivi. Watu watasikia."

Tumbo langu lilizungumzwa kwenye foleni ya dawa, likazungumzwa saluni, likazungumzwa gengeni juu ya nyanya, na hakuna siku hata moja aliponyanyuka mtu kwenda kufunga mlango.

Nikaenda nikaufungua.

"Uache wazi, mama," nikasema. "Mimi nimekaa wazi miaka minane."

Upepo ukausukuma mlango ukaanza kujirudisha, na mimi sikuwa na nguvu ya kuusimamia. Mume wangu akainuka, akabeba kiti chake mpaka pale, akakiegemeza kwenye mlango ili usifunge, akakaa juu yake, uso nje, mahali ambapo kila apitaye atamwona.